Nyumba Niliyoiingiza Ndani ya Gari

Juzi nilipita kwenye karakana moja hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, nikamkuta fundi kijana anatengeneza kitanda chenye droo chini. Akaniuliza, "Mzee Yasini, hizi droo zinatosha?" Nikamwambia zinatosha, nikaondoka haraka kabla sijaanza kumhutubia. Hotuba yenyewe nimekuja nayo nyumbani, na kwa kuwa hainiachi nilale, bora niwaandikie nyinyi nyote mnaoshika randa na msumeno siku hizi.

Mimi nilikuwa seremala wa makabati makubwa. Nasema makubwa, lakini wake za watu walisema mazito. Kabati la Yasini likiingia ndani ya nyumba lilikuwa limeoa humo, halitoki tena. Kuna familia moja Bwiza ilihama ikamwachia mpangaji mpya kabati langu kama urithi, maana mlango ulikuwa umejengwa upya baada ya kuliingiza. Nilitumia libuyu, mbao zile nyekundu za Kongo, na nilipokuwa kijana niliamini kwamba kitu kizuri ni kile ambacho wanaume wanne wanakibeba huku wakitukanana. Shikeni hilo kichwani, kwa sababu mtu mwenye imani kama hiyo ndiye aliyeombwa kupanga nyumba ndani ya gari.

Ilikuwa miaka ya vita. Seremala wakati ule alibakiwa na kazi mbili, milango na majeneza. Kisha watu wakaanza kutaka milango ya chuma, tukabaki na majeneza. Kwa hiyo siku alipokuja mtu akasema anataka kitanda, nilimvutia kiti, nikamwagizia chai. Nilikuwa nimesahau raha ya kumpimia mtu kitanda akiwa mwenyewe amesimama mbele yangu.

Mtu huyo aliitwa Déo. Alikuwa dereva wa Wazungu wawili wazee, mume na mke, waliokuwa wamezunguka Afrika na gari lao la kulala, lile ambalo kwa Kifaransa huitwa camping-car. Mimi naliita gari-nyumba. Vita vilipoanza wazee wale walipanda ndege wakaondoka, wakamwambia Déo gari ni lake. Lilikuwa limeegeshwa Mutanga Sud, kwenye uwanja wa dada yake. Nyumba ya Déo mwenyewe, ya Mutakura, ilikuwa imechomwa. Sasa yeye, mkewe Spès aliyekuwa fundi wa kushona nguo, watoto wao watatu na mama yake mzee walikuwa wanalala kwenye chumba kimoja kwa dada, na dada naye alikuwa na watu wake.

"Fundi," akaniambia, "ile gari waliiba kila kitu ya ndani. Imebaki mabati. Mi nataka unirudishie nyumba ndani yake."

"Ilikuwa namna gani mbele ya kuibiwa?" nikamuuliza.

"Meza ilikuwa inakuwa kitanda. Kitanda ilikuwa inapanda juu. Kila kitu ilikuwa na kitu ndani."

Nikatingisha kichwa kama mtu anayejua. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha namna hiyo maisha yangu yote.

Nilikwenda Mutanga Sud na mita yangu. Ndani ya gari kulikuwa na matundu ya skrubu kila mahali, na mimi nikajipa kazi ya kuyasoma. Hapa palikuwa kabati, hapa palikuwa kitanda. Sakafuni nikakuta tundu kubwa la mviringo, nikamweleza Déo kwa sauti ya profesa kwamba hapo paliingia mguu wa meza. Akanitazama kwa huruma. Lilikuwa tundu la choo.

Nikapima gari. Urefu, upana, kimo, hata unene wa mabati nikapima. Kisha nikarudi Buyenzi nikatengeneza kile nilichokijua, yaani kabati la libuyu lenye milango ya nakshi, droo upande mzima, na kitanda kimoja cha kiume. Tulivipeleka kwa mkokoteni mpaka Mutanga, ule mlima mnaujua, na wasukumaji wa mkokoteni walinipa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tukavifunga ndani. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakunja mikono nisubiri sifa.

Déo akawasha gari alisogeze tu mpaka kwenye geti. Nyuma ikakaa chini, pua ikapanda juu kama mbwa anayeomba mfupa. Alipokata kona, droo zote zikatoka kwa pamoja. Masufuria yakamwangukia Spès, kijiko kikaruka dirishani, na mlango wa kabati langu la nakshi ukafunguka, ukafunga, ukafunguka, kama unapiga makofi.

Mama yake Déo alikuwa amekaa ndani kwenye kitanda. Sisi sote tulimwita Mukecuru, neno la Kirundi la heshima kwa mama mzee. Hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Alishuka polepole, akaja mpaka mbele yangu.

"Fundi, hii ni nyumba ao ni mutego ya panya?"

"Mukecuru, inahitaji kurekebishwa kidogo tu."

"Apana. Inahitaji fundi."

Nililala vibaya wiki ile. Mwishowe nikaimeza aibu yangu nikateremka bandarini kumtafuta Mzee Bangwe. Huyu alikuwa Mkongomani wa kutoka ng'ambo ya ziwa, aliyezeekea Bujumbura akitengeneza vyumba vya mabaharia kwenye boti za mizigo zinazokwenda Kigoma na Kalemie. Nilimkuta ndani ya chumba kidogo kama kabati langu, na ndani yake kulikuwa na vitanda viwili, meza, jiko, na bado alikuwa na nafasi ya kunikaribisha. Nilipomweleza habari za droo alicheka mpaka akakaa chini.

"We ulitengeneza nyumba, halafu ukaishangaa kwa sababu inatembea," akasema. "Sasa njoo uone."

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kujifunza kazi, nikiwa tayari na mvi. Mzee Bangwe alinionyesha kwamba kila mlango kwenye chombo kinachotembea una ndoana yake, na ndoana inafunguliwa kwa kuinua, si kwa kusukuma, kwa sababu mtikisiko unasukuma, hauinui. Rafu inawekewa ukingo mdogo mbele, kama mdomo wa sinia. Vitu vizito vinakaa chini kabisa, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ukiweka gunia la mchele kushoto, tafuta cha kuweka kulia. Pembe zote anazikata ziwe duara, kwa sababu kwenye nafasi ndogo nyonga ya mtu hupita palepale kila siku. Chini ya kila sanduku la kuhifadhia anatoboa matundu ya hewa, la sivyo nguo zinaota ukungu. Na kuhusu vitu vinavyogeuka alinipa onyo.

"Meza ikigeuka kitanda, inatosha. Usiiambie tena iwe kabati ya nguo. Mutu akitaka shati watu wote wataamka."

Nikauliza, "Na libuyu?"

"Libuyu wapelekee mabwana wa Rohero. Gari inataka triplex, zile mbao nyepesi za kugandishwa, na vipande vyembamba. We unajenga kwa ajili ya wajukuu, na hawa wanataka kulala leo."

Nilirudi Mutanga Sud nikabomoa kazi yangu yote. Nikashika mita nianze upya kupima gari, na hapo Spès akaninyang'anya mita mkononi. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, anayeongea chini chini, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu.

"Fundi, unisamehe. Ulipima gari mara mbili. Sisi hujatupima hata siku moja. Mi kazi yangu ni kupima watu. Acha nikusaidie."

Akatandika majamvi uwanjani, akawalaza watu wake wote juu yake, kila mmoja kama anavyolala kweli. Déo alilala kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, mikono huku, miguu kule. Watoto walilala wamejikunja kama mikate kwenye kikapu. Spès akawazungushia chaki yake ya ushonaji, akasema, "Voilà. Hawa ndio vitanda." Niliangalia zile alama za chaki nikaona kwamba watoto watatu wanakula nafasi ndogo kuliko baba yao mmoja. Kwa mita yangu nisingeliona hilo kamwe.

Kisha akaniambia nimwangalie Mukecuru akikaa na kuinuka. Bibi alikuwa na magoti mabovu. Benchi la chini lilimtesa, ilibidi ashikwe mikono miwili. Tukajaribu matofali, tukaongeza mpaka akaweza kuinuka mwenyewe bila kuguna. "Hapa," Mukecuru akasema. Kwa hiyo benchi la nyuma, lililokuwa kitanda chake, nikalitengeneza juu kuliko mengine, na kwa sababu lilikuwa juu, chini yake likazaliwa sanduku refu, kubwa, la kuwekea mablanketi na vitambaa vya Spès.

Basi safari ya pili ilitoka hivi. Katikati, meza ya triplex iliyoshuka ikakaa juu ya vipande viwili vya mbao kati ya mabenchi, magodoro ya sponji yakaja juu, ikawa kitanda cha Déo na Spès. Juu yao, kitanda cha watoto kilichokunjwa kwenye dari kwa mikanda na ndoana. Kando ya mlango, ubao wenye bawaba wa kuwekea cherehani, ukifunguliwa Spès anashona akiwa amekaa ndani huku wateja wake wamesimama nje. Droo nilitaka kuweka, lakini Spès alikwisha kushona mifuko ya kitenge na kuitundika ukutani, mmoja wa vijiko, mmoja wa dawa, mmoja wa daftari za watoto. Haikuwa na uzito, haikufunguka njiani, haikupiga kelele. Mimi nilikuwa nimetumia miaka kuchonga droo zenye maungio ya mkia wa njiwa, na mwanamke akanishinda kwa sindano kabla chai haijapoa.

Mukecuru akaingia, akakaa, akainuka, akalala, akageuka. Nikasubiri.

"Sasa inafanana na kitu," akasema.

Niliishi kwa sifa hiyo mwezi mzima.

Lakini ujuaji wangu ulikuwa haujaisha wote. Kifuniko cha benchi la Mukecuru nilikichonga kiingie kwenye fremu yake barabara, hata wembe usipite. Nilikuwa nawaonyesha wageni, "Angalia, huoni pa kufungulia." Mvua zilipokuja mbao zikavimba, na kweli hapakuwa tena na pa kufungulia. Spès alipotaka vitambaa vyake ilibidi Déo avute kwa mikono yote miwili. Nikaahidi nitakuja na randa.

Nilikwenda asubuhi moja mapema. Nilipofika tu Mutanga Sud ndipo habari zikaenea kwamba siku ile ni ville morte, siku ambayo mji unalazimishwa kufunga, atakayetembea amejitakia. Nikasema vizuri, nitapiga randa polepole. Nilikuwa nimefungua begi tu, hata randa sijaitoa, tukasikia kelele upande wa campus ya chuo kikuu, kisha mtu akaruka ukuta akaangukia kwenye kamba ya nguo za Spès.

Alikuwa Ferdinand, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba kwa jirani. Kijana mrefu, mkimya, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Déo hesabu pale mezani kwangu, nasema kwangu kwa sababu niliitengeneza. Siwaambii alikuwa wa kabila gani. Nyinyi mmekulia hapa, mnajua kwamba miaka ile mtaa mmoja ulimwua mtu kwa sababu ileile iliyomwokoa mtaa wa pili. Alikuwa na shati limechanika na hakuweza kusema. Alionyesha ukuta tu, kule walikobaki waliomfukuza.

Déo akamtazama mkewe. Dada yake alikuwa mlangoni, mikono kichwani, anasema watatumaliza wote, watatumaliza wote. Spès hakupandisha sauti.

"Déo, gari ina essence?"

"Kidogo. Ya kufika Buyenzi, labda."

"Basi twende Buyenzi, kwa Waislamu, kule hawaui mutu. Tutasema Mukecuru anaugua."

Akaingia garini, akavuta kifuniko pamoja na mumewe, akaanza kutoa vitambaa vyake na mablanketi akivirusha nje kwenye matope, hata gauni la bi harusi la mteja. Nikasimama pale kama mlingoti. Kichwani mwangu nilikuwa napiga hesabu ya kipumbavu, kwamba nilitengeneza sanduku lile kwa kipimo cha Mukecuru, na kijana huyu amempita bibi kichwa na mabega.

"Hatoshi," nikasema.

"Atakunja miguu," akasema Mukecuru. "Ingiza mutoto."

Tukamwingiza kwa ubavu, magoti kifuani. Nikashusha kifuniko, kikakataa. Nikapanda juu yake kwa magoti, kikaingia kwa mlio kama kizibo cha chupa. Mukecuru akalala juu, akajifunika kanga mpaka kidevuni. Watoto waliachwa kwa shangazi yao. Mimi nikaenda nao kwa sababu Déo alisema, "Fundi, we ni mutu ya Buyenzi, watakuamini," na kwa sababu miguu yangu isingenifikisha nyumbani siku ile.

Tulisimamishwa chini, kwenye njia panda kabla ya kuingia mjini. Walikuwa vijana, wengine wana fimbo na mapanga, mmoja ana guruneti mkononi anaichezea kama chungwa. Kiongozi wao alikuwa amevaa shati jeupe la shule. Akachungulia ndani, na badala ya kutuuliza tunatoka wapi akasema:

"Eh! Hii ni nini? Muko na nyumba ndani ya gari?"

"Ni gari ya kulala," akasema Déo. "Tunamupeleka mama kwa daktari."

"Nani alitengeneza?"

Nikaona macho ya Déo kwenye kioo yananitafuta. Nikainua kidole kama mtoto darasani.

"Tuonyeshe," kiongozi akasema, naye akapanda, na wenzake wawili nyuma yake. "Hii meza inafanya nini?"

Wanangu, maisha yangu yote nimewauzia watu samani, lakini sijawahi kuisifu kazi yangu kama siku ile. Nikashusha meza, nikaonyesha kitanda. Nikapandisha, nikaonyesha meza. Nikafungua ubao wa cherehani. Nikaeleza ndoana inayoinuliwa na sababu yake. Mmoja akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitenge, akatoa kijiko, akakitazama, akakirudisha. Walikuwa wanapendezwa! Umri wao ulikuwa wa kuanza kazi kwa fundi. Siku nyingine ningewaambia waje karakana.

"Na hii benchi?" kiongozi akauliza. "Inafunguka?"

Mukecuru akaguna. "Mwanangu, mi naharisha tangu asubuhi. Ukiniinua utajua mwenyewe."

Wale wawili wakarudi nyuma. Kiongozi akasita, lakini akainama, akapitisha kucha kwenye ukingo wa kifuniko, upande huu, upande ule. Niliogopa Ferdinand atakohoa, niliogopa matundu ya hewa yako chini na yeye amelala juu yake.

"Mi nakuuliza, mzee. Inafunguka?"

"Haifunguki," nikasema.

Na ilikuwa kweli, wallahi. Ilikuwa imekaza kwa mvua na kwa ujinga wangu, na hata mimi mwenye kuitengeneza nisingeweza kuifungua pale. Kijana akavuta tena, akaumia ukucha, akaunyonya. Ili asionekane ameshindwa akainua mkono juu akashika mkanda wa kitanda cha watoto. "Na hii kamba?"

Nikasema usivute. Akavuta. Ndoana moja, ya upande wangu, nilikuwa nimeifunga na skrubu fupi kwa sababu ndefu ziliniishia. Kitanda kikashuka chote kwa kona moja, kikanipiga juu ya nyusi, lile kovu mnaloniona nalo. Nikakaa sakafuni. Damu ikanishuka puani.

Kiongozi akaanza kucheka. Akacheka akajishika mbavu, wenzake wakacheka, na yule wa guruneti akaja mlangoni kuuliza kuna nini, naye akacheka.

"Fundi gani huyu!" kiongozi akasema. "Kitanda yake inamupiga mwenyewe! Nendeni, nendeni kwa daktari, muko na wagonjwa wawili sasa."

Déo hakungoja tuambiwe mara ya pili.

Tuliingia uwanjani kwangu Buyenzi, nikafunga geti, nikamwambia Mukecuru ainuke. Akainuka. Kifuniko hakikutoka. Tulivuta mimi na Déo, tukaingiza bisibisi, tukaingiza patasi, mbao ikang'ang'ania. Spès akagonga juu, akaita, "Ferdinand! Ferdi, unasikia?" Hakuna jibu. Akaita tena kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nikakimbia ndani nikarudi na shoka la mke wangu la kuni, nikapasua kazi yangu kwenye ukingo, palepale nilipokuwa najivunia kwamba wembe haupiti, kipande kwa kipande, nikilia na damu machoni, namwomba Mungu nisiteleze.

Ferdinand alikuwa amelala kimya, macho wazi, kitambaa amekiuma mdomoni. Alikuwa amekiuma asipige chafya, maana vumbi la zamani la randa yangu lilikuwa bado limo ndani. Tulimnyoosha taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine. Akakaa. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Fundi," akasema, "iko kifupi."

Mukecuru ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akafunika uso na kanga yake, na tukaona kwamba hacheki.

Ferdinand alikaa nyumbani kwangu mpaka miguu ilipokubali kutembea vizuri. Kisha nikamvalisha kofia yangu ya kuswalia, tukashuka bandarini mchana kweupe kama mafundi wawili, yeye amebeba begi langu la zana. Mzee Bangwe hakuuliza jina lake. Akamwonyesha ngazi ya boti ya mizigo inayokwenda Kigoma, akampa nyundo, akamwambia agonge gonge mahali popote mpaka boti iondoke. Zilikuja salamu zake mara moja kupitia baharia, kwamba yuko ng'ambo, anafundisha watoto hesabu, na mgongo bado unamuuma. Baada ya hapo sikusikia tena. Nyundo hakuirudisha.

Kina Déo hawakurudi kukaa Mutanga Sud. Tulikwenda kuwachukua watoto, na gari-nyumba likakaa uwanjani kwangu muda wote uliobaki wa vita. Essence ilikuwa ghali kuliko nyama, likaacha kutembea, kuku wangu wakataga chini yake. Spès alishonea mtaa mzima kwenye ule ubao wa mlangoni. Mimi nilikuwa jirani wa kazi yangu mwenyewe, adhabu ambayo nawaombea mafundi wote. Kila asubuhi nilisikia ni bawaba gani inalia, na Mukecuru alihakikisha nimesikia. Kifuniko kile nilitaka kumtengenezea kipya, akakataa. Nikapigilia ubao wa sanduku la sabuni, wenye mwanya wa kupitisha mkono mzima, na mwenyewe akawa anaufungua na kuufunga mara kwa mara bila kutoa kitu. Alifariki juu ya benchi hilo, usingizini, na Déo, Spès na wajukuu wote wako umbali wa kuwagusa kwa mkono.

Amani ilipokuja, Déo alijenga upya Mutakura kwenye msingi uleule wa zamani. Siku ya kuhama Spès alikuja karakana. Nilikuwa nimemwandalia mipango. Nilikuwa nimekuwa bingwa wa kuficha vitu sasa, naweza kuweka kabati ndani ya ngazi na meza ndani ya mlango, na nikamwambia kitanda chake kipya kitakuwa na masanduku chini, marefu, yenye kufunguka kwa kidole.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kama kawaida yake.

"Fundi, mi nataka kitanda ya miguu mine," akasema. "Chini yake usiweke kitu. Nikiinama, nataka nione sakafu mpaka ukutani."

Nilimtengenezea. Nilitumia libuyu, hilo sikuweza kujizuia, lakini miguu niliipandisha na chini nikaacha wazi. Tulikipeleka Mutakura tukakiweka kwenye chumba kilichonukia saruji mbichi. Déo akajitupa juu yake kwa mtindo wake ule wa kuanguka kutoka paani. Spès alisimama mlangoni kidogo. Kisha akapiga magoti, akaweka shavu karibu na sakafu, akatazama chini ya kitanda mpaka ukutani, upande huu na upande ule. Akainuka, akaenda kuleta ufagio, akafagia pale chini, ingawa hapakuwa na kitu.